Saa Yasema Nimetembea, Mizani Inakataa

Mpendwa Bi Mahfudha,

Nakuomba unisaidie kabla sijaitupa saa yangu baharini. Nina miaka ishirini na sita, ni mwalimu, naishi na mama na mdogo wangu Razan hapa Kipungani, na miezi mitatu iliyopita muuguzi aliniambia sukari yangu imeanza kupanda, nipunguze kilo sita kisha nirudi kupimwa, na mimi niliyemfunga marehemu baba kidonda cha mguu hadi mguu ukakatwa sikuhitaji kuambiwa mara mbili. Nikanunua saa ya mkononi inayohesabu hatua, nikaweka programu kwenye simu, ikanipa kalori elfu moja na mia tano kwa siku, na kila nikifanya mazoezi inaniongezea zile nilizochoma, kana kwamba inaniambia haya, hizi zako, kula. Nami nikala. Asubuhi natembea kwenda shule Matondoni, mchana narudi, alasiri naketi na mama tunasuka ukili wa mikeka, na ikifika magharibi saa inasema bado nina kalori mia sita, basi nala mahamri manne na chai ya maziwa bila kumwogopa mtu, kwa sababu nina ruhusa. Baada ya wiki sita nilikuwa nimeongezeka kilo moja.

Nikajiona mwongo, nikaacha kula hata moja ya zile za mazoezi, na wiki ya pili nikashikwa na kizunguzungu njiani, nikakaa mchangani na madaftari ya wanafunzi mapajani nikilia, si kwa njaa bali kwa kutojua nimwamini nani, mwili wangu au saa. Nikarudia kula, na mizani ikarudia kupanda.

Linaloniuma zaidi ni sinia. Kwetu tunakula pamoja, na wali wa sinia haupimiki, kwa hiyo nimejitenga na sahani yangu na mizani ndogo ya jikoni. Razan ananiita Bi Gramu. "Mpisheni Bi Gramu, asije akatupima na sisi!" Hilo nacheka. Lakini juzi mama alisogea, akaacha nafasi yangu wazi, akaniita, "Ndoo tule, mwanangu. Au mkono wangu una nini?" Nikainamia sahani yangu.

Zimebaki wiki tano kabla ya kipimo. Je, nizile kalori nilizochoma, au nisizile?

Mwenye Sahani Yake, Kipungani

*

Mwanangu Mwenye Sahani Yake,

Barua yako niliisoma mara mbili, na mara ya pili nikasita kwenye neno ukili. Ndiyo maana nilikupigia simu, kwa nambari uliyoniachia, kabla ya kukujibu hapa, nikakuuliza saa unaivaa mkono gani. Wa kulia, ukasema. Nikakuagiza uketi usuke nusu saa, usinyanyuke hata kufukuza kuku. Ulipopiga tena ulikuwa ukicheka hata maneno hayatoki: hatua elfu mbili na mia moja, na hujafika mlangoni!

Saa haina macho. Inahisi mkono ukienda na kurudi, inadhani ni miguu. Kila alasiri ukili umekuwa ukikuletea mahamri ambayo hukuyatembea. Hukuwa mwongo, wala mwili wako haujaharibika. Pumua.

Sasa nikukemee kidogo. Mwalimu mzima unawaambia watoto waonyeshe njia ya hesabu, kisha wewe unapokea jibu tupu kutoka kwenye saa? Na kutoka kula zote ukarukia kutokula hata moja! Mtu anayechunga sukari hajinyimi leo ili afidie ya jana.

Swali lako: usizile zote. Hata saa iliyovaliwa vizuri inakisia, na mara nyingi inakisia kwa ukarimu. Kisha fungua programu uangalie ulijiandikishaje. Kama uliiambia kwamba wewe ni mtu wa kutembea kila siku, safari ya Matondoni imo tayari ndani ya ile elfu moja na mia tano, na ukiila tena unaila mara mbili. Kama hukuiambia, ongeza nusu tu ya kalori za kutembea, tena mchana, kwa samaki au kunde. Mahamri manne yawe ya Idi. Kizunguzungu kikirudi, kula kwanza, halafu nenda kwa muuguzi siku hiyo hiyo. Na hiyo elfu moja na mia tano yenyewe mpelekee aitazame wiki hii, usingoje kipimo. Yeye amekuona, simu haijakuona. Ukishika miyaa ya kusukia, vua saa.

Mizani ya jikoni irudi kabatini. Adabu ya sinia uliijua kabla hujajua kuandika: kila mtu hula kilicho mbele yake. Basi pakua mbele yako upawa mmoja wa wali na kipande chako cha samaki. Kikiisha kimeisha, kaa uzungumze na watu. Leo mchana rudi kwenye ile nafasi aliyokuachia mama. Mwambie mkono wake hauna neno. Ni wako uliokuwa ukitembea nawe umeketi.

Bi Mahfudha