Mwanafunzi wangu mpya amejificha chini ya kinanda

Jumamosi, jioni.

Mvua ilinyesha tangu alfajiri, ikakatika ghafla, halafu jua likatoka kwa hasira. Kariakoo yote ikawa tope na mvuke. Mimi niliamka na uzito uleule wa tangu Alhamisi, ule wa kufungua macho, kusahau kidogo, kisha kukumbuka.

Alhamisi daktari wa masikio alinieleza taratibu, kama anayempa mtu habari za msiba. Mishipa ya kusikia inakufa. Imeanza na sauti nyembamba za juu, na itaendelea kushuka. Kuna kifaa cha kuvaa sikioni, kitanisaidia kuwasikia watu wakiongea. Lakini muziki, alisema, muziki ni habari nyingine. Akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamjibu mwalimu. Sikumalizia.

Nafundisha kinanda.

Baba yangu alikuwa mpigaji wa taarabu, na vidole vyangu alianza kuviweka kwenye vitufe kabla sijajua kusoma. Sijawahi kufanya kazi nyingine. Nimepanga chumba ghorofani, karibu na Msimbazi, juu ya duka la mapazia, na watoto wa wafanyabiashara wa hapa ndio wanafunzi wangu. Chini kelele za spika za wauza nguo, juu sisi na kinanda chetu. Mwezi uliopita nilirudisha saa ya mezani dukani nikidai kengele yake mbovu. Muuzaji akaibonyeza mbele yangu. Nikamwambia, si unaona, hailii. Watu wote dukani wakanigeukia.

Hapo ndipo nilipojua. Na sijamwambia mtu, hata ndugu zangu.

Leo nilikuwa na mwanafunzi mpya wa kwanza baada ya muda mrefu. Nilikusudia kumpigia simu mama yake niseme nafasi zimejaa. Nikaahirisha, nikaahirisha, mpaka nikawaona wako mlangoni.

Mama Glory anauza vitenge vya jumla mtaa wa pili. Ni Mchaga, mchangamfu, mwenye haraka. Mtoto alikuwa anaburuzwa kwa mkono, miaka sita, gauni la kanisani, viatu vina tope.

"Glory, msalimie mwalimu. Sema shikamoo."

Mtoto akanigeuzia mgongo.

"Nisamehe, mwalimu. Huyu tangu jana anasema haji. Na mimi kuna mteja wa Songea mzigo wake unapakiwa sasa hivi. Nakuachia, nakuja kumchukua."

Akashuka ngazi kabla sijajibu. Glory naye akaingia chini ya kinanda. Changu ni kile kikubwa cha umeme, kimekaa juu ya meza ndefu, kwa hiyo huko chini mtoto anaenea vizuri tu. Akakumbatia magoti, akazika uso.

Nilijaribu yote ninayoyajua. Nilipiga wimbo wa watoto. Nikaupiga kwa makosa makusudi, maana huwa wanacheka. Nikambembeleza kwa biskuti. Nikaweka mdundo wa ngoma, ule unaojipiga wenyewe. Wapi. Nikakaa sakafuni na kumuuliza kwa nini hataki.

"Mimi nakosea," alisema.

"Unakosea nini?"

"Kuimba. Siku ya mahafali Madam alinitoa kwenye mstari. Akanipa maua nishike."

Siku nyingine ningekuwa na la kumwambia. Nimeshawapokea watoto wa namna hiyo, waliovunjwa na neno moja la mtu mzima, na najua wanavyorudishwa polepole. Leo sikuwa na kitu. Nilimtazama nikawaza, hata huyu nikimfungua, nimfungue ili nimpeleke wapi? Nikaenda kusimama dirishani. Machozi yakaanza kunitoka, nikayaacha.

Nilipogeuka, mkono mdogo ulikuwa umechomoza kutoka chini ya meza, upande wa kulia kabisa. Kidole kinabonyeza kitufe cha mwisho. Kinabonyeza, kinaachia, kinabonyeza.

Niliona kidole. Nilisikia plastiki ikigonga, basi. Nikafikiri umeme umekatika, nikaenda kukagua swichi.

Kichwa kikatoka. "Kinalia."

"Hakilii, mama."

"Kinalia! Wewe husikii?"

Ningeweza kumdanganya. Ni mtoto. Lakini nilikuwa nimechoka sana.

"Sisikii," nikasema.

Akatoka mzima mzima. Akabonyeza kitufe cha pili yake. "Hata hii?"

"Hata hiyo."

"Na hii?"

"Hapana."

Akapanda kwenye kiti. Akawa anashuka kitufe kimoja kimoja, kila mara ananitazama machoni kama anayekagua kama nasema kweli, mpaka nikamwambia, hii naisikia, kwa mbali. Akaduwaa.

"Wewe mwalimu, na husikii?"

"Ndiyo."

"Watakutoa kwenye mstari?"

"Bado hawajajua. Wakijua, watanitoa."

Alifikiri. Aliyaangalia machozi yangu, ambayo nilikuwa nimeyasahau usoni. Kisha akasema, "Usilie. Nitakuambia inavyolia."

Akabonyeza kile kitufe cha mwisho, akafumba macho, akaimba. Sauti yake ni nyembamba, lakini aliishusha noti ile chini, pale ninapoweza bado kusikia. Nikatafuta noti ileile huku chini, ninakoisikia, nikaigusa.

Ilikuwa yenyewe. Haikupungua wala kuzidi.

Nikambonyezea nyingine juu. Akaimba. Nikakagua chini. Yenyewe. Na nyingine. Yenyewe. Mtoto aliyepewa maua ashike ana sikio ambalo nimelikuta kwa watu wachache sana katika maisha yangu ya kufundisha. Nikamwambia, "Glory, hujakosea hata moja." Akauliza, "Kweli?" Nikamwambia, kweli kabisa. Akacheka, akajisogeza katikati ya kiti, akaniomba nimwoneshe vidole vinakaaje.

Tulifanya somo. Somo zuri kuliko yote niliyofanya mwaka huu. Alikuwa anapiga, ananiimbia, ananisubiri niitikie. Kwa muda ule nilisahau Alhamisi.

Ndipo mama yake akarudi, na Glory akamkimbilia mlangoni. "Mama, mama! Mwalimu hasikii! Mimi ndiyo namsikilizia!"

"Wee! Ndiyo adabu gani hiyo? Mwombe mwalimu msamaha." Mkono ulishanyanyuka.

Glory akanigeukia. Alinitazama, akisubiri.

"Usimpige, Mama Glory," nikasema. "Mtoto anasema kweli."

Mara ya kwanza kutoka mdomoni mwangu. Nikamweleza yote, kwa kifupi, nikiwa nimeshika ukingo wa meza. Mama Glory akaketi bila kukaribishwa. Akanipa pole, pole ya kweli, akanishika mkono. Kisha akauliza swali ambalo mzazi yeyote angeuliza.

"Sasa utamfundishaje, mwalimu?"

Nikakigeukia kinanda, nikakizima.

Mama Glory akasema ataongea na baba wa mtoto. Glory aliondoka akilia, anamvuta mama yake nyuma, na mimi nikafunga mlango upesi nisiendelee kuona.

Ujumbe umeingia magharibi. "Pole sana mwalimu, tunakuombea. Baba Glory amesema tutafute mtu mwingine. Mtoto kagoma kula, anakutaka wewe. Nimwambie nini?"

Sina kinyongo nao. Na mimi ningefanya hivyohivyo kwa mwanangu, kama ningekuwa naye. Nilianza kuandika jibu nikafuta, nikaanza tena. Mwishowe nikamtumia namba ya kijana niliyemfundisha mwenyewe, sasa anafundisha Ilala, mpole na mvumilivu. Nikamwomba amwambie huyo kijana kwamba binti huyu ana sikio la ajabu, asimkatize kamwe akiimba. Kwa Glory sikuweza kuandika kitu.

Jioni hii nimekipiga kinanda kutoka chini kwenda juu, polepole, nikitafuta mwisho wangu uko wapi. Uko karibu kuliko nilivyofikiri.

Jumatatu wanakuja wale wengine. Mitaa hii habari haikai, kwa hiyo nitawaambia wazazi mwenyewe, palepale mlangoni, kabla hawajasikia kwa watu. Atakayebaki abaki. Sidhani kama atabaki mtu.

Na Jumanne nitaamka nifanye nini?