Usikate Kikohozi

Mjukuu wangu Rehema,

Hujambo huko Dar? Mimi mzima, ila goti langu na baridi ya Birmingham haviachani. Mama yako mdogo kahamia mtaa wa Selly Oak, karibu na stesheni.

Umeniuliza kuhusu zile kaseti za nyimbo za harusi, nilizorekodi kwa wazee wenzangu wa hapa Hockley. Unapozitia kwenye sidii, ukate vikohozi na maongezi? Ngoja nikwambie.

Nilipokuwa msichana Pangani, nilimrekodi bibi yangu akiimba huku anasuka ukili wa mkeka. Kaseti ilikuwa moja tu, nami mbahili, kwa hiyo kila alipomaliza wimbo nilizima. Akisema, "Wewe Zuhura, umekula?" mimi nimeshazima. Alinicheka: "Mashine yako haitaki porojo."

Kaseti ile ninayo hadi leo. Juzi niliisikiliza jikoni. Nyimbo kumi na moja, safi kabisa. Kila wimbo ukiisha nikawa nangoja aniite jina. Hakuna.

Basi usikate kitu, mama. Na huyo anayekohoa sana kwenye kaseti ya pili ni mimi.

Bibi yako,
Zuhura