Pua Nyeupe Mkononi mwa Mama

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba vumbi la barabara mnayoijenga halijakurudishia kile kikohozi. Sisi huku hatujambo. Baba hajambo, na studio yake haijambo, isipokuwa lile pazia lenye mawingu limepasuka upande wa kulia, kwa hiyo wateja wote siku hizi wanapigwa picha wamesogea kushoto. Mimi niko likizo, nasoma, na bado napoteza miwani. Habari za Mama nitakueleza taratibu, tafadhali usirukie mwisho kama unavyofanya na vitabu vyangu. Kwa kuwa mtandao hauingii kambini kwenu, dereva wa lori la mafuta amekubali kukuletea barua hii, na ameapa hataikalia.

Ulipoondoka, Mama alikuwa ameshatolewa ule uvimbe, na pua yake karibu yote ilikuwa imekwenda nao. Unakumbuka alivyovaa barakoa hata akishona peke yake chumbani. Baadaye ilizidi. Alianza kula amegeukia ukuta. Wateja wake aliwapima nguo bila kuinua uso, na ukimsalimia ghafla alishika barakoa kwanza ndipo akaitikia. Kisha daktari wa upasuaji akasema saratani haijarudi, na kwamba anaweza kumtengenezea pua mpya kwa ngozi na gegedu, ule mfupa laini, vya mwili wake mwenyewe.

Siku ya kuelezwa alituingiza kwenye chumba kidogo chenye kompyuta na mashine yenye mlango wa kioo. Humo anafanya kazi dada mmoja mchangamfu ambaye hospitali nzima inamwita Fundi. Mama alikuwa ameshapigwa skani ya kichwa, na Fundi alikuwa ameziunganisha picha zote zikawa kichwa kizima kinachoelea kwenye skrini. Alikizungusha. Kaka, nilimwona Mama akigeuka polepole katika giza, macho amefumba, hana mwili, kama mtu anayeota chini ya maji. Nilisahau kwamba Mama mwenyewe alikuwa amekaa pembeni yangu hadi aliponishika mkono.

Mashine ile haichapi karatasi. Inamwaga plastiki nyembamba kama uzi, tabaka juu ya tabaka, mpaka kile ulichokiona kwenye skrini kinakuwa kitu cha kushika. Daktari alieleza kwamba watachapa uso wa Mama kama ulivyo sasa, kisha pua ya kuweka juu yake. Pua hiyo haitaingia mwilini, ni ya kupangia tu. Ataifunika kwa foili, kama ile ya jikoni, apate umbo la ngozi ya kukata, ili siku yenyewe asikisie. Ngozi ataitoa kwenye paji la uso. Mama akauliza kama ni sawa na kukata mkono wa gauni, daktari akasema ndivyo hasa, ila kitambaa hiki hakiuzwi dukani. Akaongeza kwamba kwa wiki kadhaa ngozi hiyo itaning'inia kutoka kwenye paji hadi puani, kama mkonga mdogo, hadi ijishikize. Mama akacheka, akasema basi watoto wa jirani watatazama tembo bila kiingilio. Nilikuwa nimeanza kukisahau kicheko chake.

Sasa, pua ya kuchapa ingetoka wapi? Skani ilipigwa pua ikiwa haipo. Daktari akaomba picha za zamani, na wewe unaijua nyumba yetu, tunaweza kukosa sukari lakini si picha. Baba alijaza begi zima. Mama wa mbele, Mama wa pembeni, Mama siku ya harusi. Tuliporudi, Fundi alikuwa ameshaichapa. Ilikaa juu ya ule uso mweupe, nyembamba, imenyooka, nzuri kabisa.

Mama aliichukua, akaigeuzageuza, akauliza kwa upole ni ya nani. Fundi akamwambia ni yake. Mama akasema hapana mwanangu, huyu simjui. Akavaa barakoa akatoka. Njiani alituambia tusimsumbue tena na habari za upasuaji, afadhali aishi na kitambaa usoni kuliko kuzeeka na mgeni.

Jioni hiyo Baba hakugusa chakula. Alimwita Mama studio, na mimi nilikuwa nyuma ya pazia la mawingu na kitabu changu, mahali ninapokaa siku zote, nadhani walinisahau. Baba akasema ile pua imetoka kwake. Kila picha ya Mama aliyowahi kuisafisha, aliipunguza pua. Ya harusi aliipunguza kwa penseli kwenye filamu yenyewe, kwa sababu ndiyo ilikuwa mitindo, kila bibi harusi alifanyiwa hivyo. Baada ya hapo mkono ulikwenda wenyewe, kwanza kwa penseli, halafu kwa kompyuta. Na picha za simu hazipo, maana Mama akiona simu anageuka. Hata ile uliyobandika juu ya kitanda chako, Kaka, ni kazi ya mkono wa Baba.

Mama akamuuliza, sasa miaka yote hiyo alikuwa anamtazama nani. Baba akajibu alikuwa anamtazama yeye, na ndiyo maana hakujali picha imefananaje, mwenyewe si alikuwa hapo. Mama akamwambia basi aichore hiyo aliyokuwa akiitazama. Baba akachukua penseli. Akachora, akafuta, akachora. Kila iliyotoka ilikuwa nyembamba.

Nikatoka nyuma ya pazia. Nilivua miwani tu, nikasimama mbele ya taa. Baba aliniangalia, akaiweka penseli chini.

Shangazi husema nilimwibia Mama pua tumboni. Na wewe umeniita Kiazi kwa ajili yake tangu natambaa, hadi mwaka jana nilipolia na kukukataza.

Hivyo tukarudi kwa Fundi. Safari hii haikuwa skani ya hospitali, bali kamera inayozunguka uso ikiwa na mwanga laini, na nilitakiwa nisitabasamu, jambo ambalo kwangu si gumu. Baada ya muda mfupi nilikuwa ndani ya skrini, naelea pale alipoelea Mama. Fundi akaikuza pua yangu kidogo ilingane na uso wa Mama. Akanionyesha jinsi inavyoweza kuvutwa na kubanwa kama udongo wa kuchezea, kisha akaitwa nje, akaniachia kipanya.

Sasa nakuambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Niliibana. Nilianza kidogo, nikaendelea, mpaka akatokea yule msichana ninayemwomba kila nikijitazama kwenye kioo cha bweni, yule ambaye asingekaa dawati la nyuma na kitabu kimemfika machoni. Alikuwa mzuri, Kaka. Akawa anageuka taratibu gizani, na mimi nikawa namsubiri aniangalie. Nikawaza, akipita sokoni, hakuna atakayemsimamisha na kumwambia, wewe si mtoto wa yule mshonaji? Nikamtazama mara ya mwisho, nikabonyeza pa kuirudisha pua yangu ilivyokuwa. Fundi aliporudi akaniuliza kama kila kitu kiko sawa. Nikasema ndiyo, tuchape.

Mama alipopewa ile pua hakuitazama. Alifumba macho, akapitisha kidole gumba ubavuni mwake, pale tundu linapokutana na shavu. Kisha, bado amefumba, akanyoosha mkono mwingine akashika yangu. Akakaa hivyo muda mrefu, moja kila mkono, mpaka daktari akaanza kukohoa. Mama akamwambia, huyu namjua. Akauliza alazwe lini.

Analazwa kesho. Jana alikula ametugeukia, hana barakoa, na Baba akatupiga picha. Mama ameishika ile pua nyeupe mahali pake, mimi niko pembeni na ya kwangu, wote tumesogea kushoto kwa ajili ya pazia. Baba hakuirekebisha. Utaona hata chunusi yangu. Nimeiweka ndani ya bahasha hii. Ile ya ukutani usiitoe, Mama anasema huyo ni mke mwenzake, mtunze vizuri.

Baba anakusalimu, anakukumbusha uvae kofia juani. Mama anakusalimu sana na anataka vipimo vya suruali. Utuombee kesho, na ukija usishtuke kuikuta pua moja kwenye nyuso mbili.

Na lile katazo langu la mwaka jana nimelifuta.

Mimi mdogo wako akupendaye,
Kiazi