Nyuzi Mbili Zisizokuwepo

Mshauri wangu mpendwa, nisaidie kabla Jumamosi haijafika, mimi naitwa Filbert, nina miaka thelathini na minne, siku za kazi nauza soli za viatu hapa Kariakoo na mwisho wa wiki napiga gitaa la besi kwenye bendi ya harusi, lakini besi lenyewe lilikuwa la kuazima na mwenyewe amelichukua, na kiongozi wetu Aristides ameniambia wazi, "Filbert, Jumamosi uje na besi lako, la sivyo nafasi anachukua mwingine," na mimi nina laki mbili tu, wakati madukani hata besi jipya la hovyo linapita hapo mara mbili.

Jumanne fundi redio mmoja akanielekeza kwa Bi Nasma, mjane wa mtaa wa nyuma, kwamba marehemu mumewe alikuwa mwanamuziki na gitaa lake kuukuu linauzwa, nikaenda, shikamoo bibi, marahaba mwanangu, akalitoa mvunguni limefungwa kwenye kanga, na nilipoifungua ile kanga nikakuta besi la Kijapani la miaka ya sabini, la aina niliyoiona kwenye picha tu, mbao imelika pale mkono wa mzee ulipokuwa unaegemea, na kabla sijasema neno Bi Nasma akaanza kuniomba radhi.

"Mwanangu, nisikufiche, ni bovu hili. Gitaa lina nyuzi sita, hapa zimebaki nne. Miaka thelathini namwambia Abdulswamad, nunua hizo mbili, watu wanakucheka, yeye anacheka tu. Nipe laki na nusu ulichukue."

Mshauri, besi lina nyuzi nne tangu kiwandani, hakuna kilichokatika, nami nilijua, lakini nikausikia mdomo wangu unasema, "Kweli bibi, mbili hazipo."

Tukalipeleka kwa fundi kulijaribu, ni hatua chache, akalichomeka kwenye spika, nikagonga uzi mmoja tu, ule mnene, na naapa vikombe vya muuza kahawa vilitetemeka, msukuma mkokoteni akasimama katikati ya njia na mzigo wake na hakuna aliyemtukana, Kariakoo hii hii, na Bi Nasma akaweka kiganja ukutani, akafumba macho, akasema, "Ndiye yeye. Mimi ukumbini sikuwahi kuingia. Nilikuwa nakaa kwa dada yangu, nyuma ya ukumbi. Waimbaji siwasikii, matarumbeta siyasikii. Yeye tu ndiye anayepita ukutani."

Nikasema nitarudi Ijumaa na pesa, sasa nifanyeje, nikimwambia ukweli atapandisha bei nilikose, na nisipomwambia nitalishikaje?

Filbert, Kariakoo

*

Filbert,

Barua yako nimeimalizia nimesimama. Nina ugomvi wa miaka ishirini na watu wanaoandika historia ya muziki wa dansi. Vitabu vyao ninavyo, rafu nzima, vimejaa waimbaji na wapiga solo. Mpiga besi anatajwa mwishoni, pamoja na dereva. Nawe unaniletea mwanamke aliyemsikiliza mpiga besi peke yake, kupitia ukuta! Hakuna msomi aliyewahi kusikiliza namna hiyo. Nilinyamaza, na wanaonijua watakuambia hilo si jambo dogo.

Sasa nimemaliza kunyamaza. Umemdanganya bibi wa watu. Usiniambie bei aliitaja mwenyewe. Aliitaja kwa kosa ulilolijua, nawe ukaligongea muhuri.

Usisubiri Ijumaa. Funga meza yako, nenda leo. Mwambie gitaa ni zima na lina thamani kubwa kuliko alivyotaja, na fundi awepo asikie. Kisha litazame kutoka kichwani kama mtu anayelenga bunduki: shingo ikiwa imepinda, achana nalo, pesa yako yote itaishia kwa mafundi. Rangi iliyobanduka isikusumbue. Shingo ikiwa imenyooka, weka laki mbili zote mezani, acha ile hesabu yako ya laki na nusu, na umwombe umalizie kidogo kidogo. Akitaka kumuuzia mwenye nazo, ni haki yake. Jumamosi utakaa nyumbani na utaumia. Wapo wapiga besi waliozeeka katika mji huu bila kumiliki hata uzi mmoja, kwa sababu vyombo vilikuwa vya mwenye bendi, na walitutikisa vilevile.

Ila hayo ya bei ni ya pili. Miaka thelathini Bi Nasma ameamini kwamba mumewe anasimama mbele za watu na gitaa bovu, na kila akimkanya, mzee anacheka. Wewe unajua alikuwa anacheka nini, yeye hajui mpaka leo.

Kamwambie hilo kwanza. Bei mtaongea baadaye.