Shuka, Shuka, Bebo

Mpendwa Eedo Safiyo, shangazi yetu sote wa gazetini, asalaam aleikum. Naomba unisaidie, na naomba usinicheke kabla hujafika mwisho wa barua, maana hata mke wangu alishindwa kujizuia.

Mimi ni mzazi hapa Hadado, na katika kamati ya shule ya chekechea mimi ndiye mkalimani, kwa sababu nilikaa Isiolo miaka saba nikiuza katika duka la mjomba wangu, Kiswahili nikakijua vizuri, na kwa kuwa Kisomali chetu hakina p, watu wetu wakisema bolisi mimi nawaambia ni polisi, wakisema banga nawaambia ni panga, yaani ile b ya kwetu nimezoea kuitoa na kuweka p mpaka siku hizi naifanya bila kufikiri, na hapo ndipo balaa yangu ilipoanzia.

Muhula huu tulipata mwalimu mpya, Mwalimu Kanana, dada wa kutoka Meru, na binti yangu Hibo, ambaye ana miaka mitano, yuko darasani kwake. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu, nafungua daftari la mtoto naliona jeupe, hakuna hata mstari, nikimuuliza leo mmeandika nini ananiambia tumeimba, basi siku moja nikapita shuleni nikachungulia dirishani, nikamwona mwalimu anapiga mtungi wa plastiki kwa viganja, watoto wamenyoosha mikono juu, halafu wote wanachuchumaa polepole, halafu wanakumbatia hewa kama mtu aliyebeba kitu kizito. Jioni Hibo akauleta wimbo nyumbani akirukaruka: "Shuka, shuka, bebo! Shuka, shuka, bebo!"

Eedo, nikafanya kazi yangu ya kila siku, nikatoa b nikaweka p. Shuka, shuka, pepo. Nikakumbuka habari za saar nilizosikia utotoni, zile ngoma za kupunga pepo, nikaenda kuwaambia wazazi wenzangu baada ya swala kwamba mwalimu anawafundisha watoto wetu kuita pepo, na kwa kuwa mimi ndiye mjuzi wa Kiswahili hakuna aliyeuliza mara mbili.

Ukaitishwa mkutano. Hapa ndipo ninapoona haya zaidi, maana mwalimu hajui Kisomali, na mkalimani alikuwa nani kama si mimi? Alisimama akaeleza kwa muda mrefu, habari za mabega na vidole na herufi, akachora hewani, na mimi kwa kuwa nilishakata shauri nikawatafsiria wazee maneno matatu tu: anasema ni wimbo. Watoto kumi na mmoja wakatolewa shuleni, wimbo ukapigwa marufuku, mwalimu akarudisha mtungi kwa mpishi wa shule aliyemwazima. Sasa watoto waliobaki wanakaa kimya wakivunja ncha za penseli, na yeye ameandika barua ya kuomba uhamisho, Alhamisi hii anaipeleka ofisini Wajir mjini. Kabla yake darasa lile lilikaa mwaka mzima bila mwalimu.

Basi Jumamosi asubuhi nilikuwa nikinywesha mbuzi, nikamwona Hibo nyuma ya zizi na kijiti, anaimba kwa kunong'ona kwa kuwa tumemkataza. Alikuwa ameshaandika H mchangani, akaandika i, halafu akasimama wima, akachuchumaa huku akikivuta kijiti chini, shuka, shuka, akazungusha mviringo ubavuni mwa mstari, palepale chini, na safari hii akayasema maneno moja moja: beba, o. Ikatoka b. Akamalizia na o nyingine pembeni. "Aabo," akaniambia, "usikasirike. Hii ni mimi."

Nilikaa chini kwenye mchanga. Eedo, nilifurahi mno, wiki tatu kila jioni nimekuwa nikimsomea mtoto dua, kumbe hakuna pepo, kuna herufi, na mtoto wangu anaandika jina lake. Nikamwita mke wangu Anab aje aone. Alicheka mpaka akashika uzio. "Wewe Abdirashid! Mtoto anasema beba o. Mstari nabeba o. Hiyo bebo yako umetoa wabi?"

Shida yangu ni hii. Zaidi ya Anab hakuna anayejua, na nikisema kweli, nani ataniita tena kutafsiri? Nimefikiria niwaambie wazee kwamba mwalimu ametubu, ameacha mambo yale, watoto warudi, na yeye aendelee kuimba kwa sauti ya chini. Je, hiyo haitoshi?

Abdirashid, Hadado

*

Eedo Safiyo anajibu

Abdirashid mwanangu, waaleikum salaam. Nimecheka, nisikudanganye. Nilikuwa na chai mkononi na nusu yake sasa iko kwenye barua yako. Na nimeshukuru pamoja nawe: mtoto mzima, salama, jina lake analiandika mwenyewe. Wengi wanaoniandikia wangetamani shida kama hii.

Haya, sasa kaa vizuri nikuseme.

Mwalimu atubu nini? Amekosa nini? Kusikia vibaya nakusamehe, sote tuna masikio. Kosa lako ni la mkutanoni. Mtu alikukabidhi maneno yake uyafikishe, ukafikisha matatu, mengine ukayameza, naye amesimama pale akikuamini. Hiyo ni amana, na uliila. Leo unataka kumtwika na toba ya kosa lako! Hapana. Huo mpango uufute leo.

Na daftari jeupe lisikutishe tena. Kabla ya kuanza kujibu barua zenu nilifundisha chekechea hapa Garissa miaka kumi na tisa. Mtoto ukimpa penseli kabla mkono wake haujawa tayari, anaishika kama kamba ya ndama, ncha inavunjika, analia, na kuandika anakuchukia. Bega kwanza, halafu kiwiko, halafu kiganja. Vidole huja mwisho. Akishapanda na kushuka na mwili mzima, mkono unajua herufi inaanzia wapi na inaishia wapi, na wimbo unamkumbusha hata mwalimu asipokuwepo. Pale nyuma ya zizi, nani alikuwa akimfundisha Hibo?

Wewe mwenyewe Kurani pale duksi uliisoma umekaa kama jiwe? Uliyumba mbele na nyuma, ubao wako mapajani, mpaka sura zikakukaa kifuani. Na ngamia kisimani mnawaimbia ndipo wanywe. Ngamia aimbiwe, Hibo anyimwe?

Nimekutumia jibu hili kwa simu kwanza, maana gazeti letu halitoki kabla ya Ijumaa na Alhamisi haikungoji. Ukimaliza kusoma vaa viatu, chukua Anab, nendeni kwa Mwalimu Kanana. Mwambie kwa hicho Kiswahili unachojivunia kwamba ulisikia vibaya, na baya zaidi, ulitafsiri vibaya. Habari za Isiolo ziache, hazimsaidii. Mwombe msamaha, kisha mwombe barua yake ilale kidogo mpaka wazee wakutane. Akikasirika, mwache akasirike. Ana haki.

Halafu ita watu walewale, mahali palepale. Usianze kwa hotuba. Mpe Hibo kijiti, aimbe kwa sauti, tena mwambie mbele yao kwamba hakukosea. Herufi ikishatoka hapo chini, sema kosa lako. Kisha mwalimu aeleze upya, nawe utafsiri kila neno, hata akikohoa. Wazazi waliotoa watoto uwafuate nyumbani mmoja mmoja, na ule mtungi uuchukue kwa mpishi uurudishe darasani kwa mikono yako.

Unaogopa hutaitwa tena kutafsiri. Mwanangu, mimi ningemwita huyohuyo aliyekiri. Nimeshajua kwamba akikosea ataniambia.

*

Jumatano mchana, kabla ukurasa huu haujaenda kupigwa chapa, ujumbe uliingia kwenye simu yangu. Nauweka kama ulivyo.

"Eedo, nimesema mbele ya wote. Mwalimu jana alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia nimemuumiza, lakini alikuja mkutanoni. Hibo aliandika na akaimba kwa sauti. Mzee Nunow, mkubwa kuliko wazee wetu wote, alicheka mpaka kofia ikaanguka, halafu akataka kujaribu mwenyewe, shuka, shuka, magoti yakagoma, ikabidi tumwinue. Nimetafsiri kila neno, mpaka nikakaukiwa. Mwalimu ameichana barua. Watoto tisa wamerudi leo hii, wawili wako malishoni na mama zao, nitawafuata kesho. Mtungi nimeubeba mwenyewe, watoto nyuma yangu wakiimba. Ila Mwalimu anasema Jumatatu wanaanza herufi p. Eedo, utuombee."