Mkurugenzi Kaniibia Bibi

Shoga, uko wapi? Kaa kwanza.

Leo hapa makumbusho tulikuwa na wanafunzi na wazazi wao. Mkurugenzi wetu, yule Bwana Tai, akasimama kuwaeleza kilichomfanya aipende historia.

Eti, "Bibi yangu alikuwa na kitabu cha wafalme wa kale. Mchwa walikula kurasa za mwisho, basi kila jioni akawa ananitungia mwisho mpya."

Shoga, HUYO NI BIBI YANGU! Nilimsimulia mwenyewe siku ya usaili. Hadi mchwa kaiba!

Watu wanapiga makofi, mama mmoja anafuta machozi. Mimi nimeshika trei ya glasi.

Mara binti mmoja wa shule akauliza, "Ulimpenda mfalme gani zaidi?"

Bwana Tai akakohoa. "Wote walikuwa wazuri."

Wote! Kama anasifia nyanya sokoni. Mtu mzima hovyo!

Akanigeukia, "Msaidizi wangu ataongezea."

Nikaongezea. "Ni yule aliyeshinda vita saba, lakini radi ikipiga anajificha uvunguni mwa kitanda cha mkewe. Na bibi huyo ni wangu mimi, mzaa baba. Mkurugenzi alimsikia kwangu."

Yule binti akacheka mpaka akakaa chini. Bwana Tai akabaki anaikaza tai.

Sasa hivi kaniita ofisini. Nikajua kazi sina tena. Unadhani kaomba radhi? Thubutu!

Kaniambia, "Siku ile ya usaili ungenieleza na habari za radi, nisingeaibika."