Jamii Ndiyo Hii

Nyumbani, chumba cha nyuma
Jumapili, 3 Oktoba

Mpendwa Mama mdogo,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba ule mgongo uliokuwa unakusumbua umepata nafuu. Baba mdogo na pacha hawajambo? Sisi huku tunaendelea. Mama anakohoa asubuhi, lakini anasema ni vumbi la vitambaa tu. Mjomba ni mzima, na sauti yake ni nzima zaidi. Bibi anakula vizuri. Amejaa kidogo mashavuni, ungemwona ungefurahi.

Naandika kwa sababu kwenye simu siwezi. Unanijua. Nikisikia sauti ya mtu mkubwa maneno yananikauka mdomoni, nabaki na "ndiyo, Mama mdogo" na "sawa, Mama mdogo". Ndiyo maana Mjomba, kwa kunitania, alinipa jina la Chiriku, ndege anayepiga kelele kutwa nzima. Kwenye karatasi hakuna anayenitazama.

Kwanza habari njema, maana hukuuliza. Nimepata nafasi chuo kikuu, shahada ya ustawi wa jamii, ile ile uliyosoma wewe.

Siku ya usaili niliogopa sana. Mhadhiri, mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, alitupanga wawili wawili. Mmoja awe mwenye shida, mwingine awe afisa ustawi. Mwenzangu alikuwa kijana mrefu, akajifanya mtu aliyefukuzwa kwao. Akaeleza, akanyamaza. Na mimi nikanyamaza. Moyoni nilikuwa natafuta neno, silioni. Wengine wakaanza kucheka. Yule kijana akatazama chini, kisha akaendelea, na safari hii hakuwa anaigiza tena. Alisema mambo ya baba yake ambayo sitayaandika hapa. Alipomaliza, mhadhiri akawageukia waliocheka: "Nyinyi mliwashauri wenzenu kabla hawajamaliza sentensi. Huyu amemwachia nafasi." Ndiyo mara yangu ya kwanza kusifiwa kwa kunyamaza.

Kabla hatujatoka alitupa kanuni moja, akasema mengine tutayakuta mbele ya safari. Usimwahidi mtu usichoweza kumpa, maana mwenye shida akishaahidiwa huacha kutafuta kwingine. Wenzangu wakaandika. Mimi sikuandika. Nilikukumbuka wewe.

Unakumbuka ulivyosema mwaka jana, Mama mdogo? Simu ilikuwa mezani, tumeiweka kwenye spika, sote tumeizunguka kama moto wakati wa baridi. Ukasema, "Wewe soma tu, mwanangu. Ukipata nafasi chuoni, bibi yako namchukua mimi. Nitakuja mwenyewe kumfuata." Mjomba akapiga meza kwa furaha. "Umesikia, Chiriku? Kazi kwako!"

Nikasoma. Kitabu mapajani, mkono mmoja nimemshika Bibi, maana nikimwachia huinuka akatafuta mlango. Na kwa kuwa wewe unakuja, hatukutafuta mtu mwingine. Yule mjane wa nyumba ya pili alikuwa tayari kushinda naye. Tulimwambia asante sana, binti wa Bibi yuko njiani. Sasa mjane amepata kazi kwingine, na binti bado yuko njiani.

Halafu ukatuma ujumbe kwamba mwaka huu haiwezekani, kituo chenu cha wazee kimeelemewa, na chini yake ukaweka picha. Umependeza kwenye ile picha, sisemi uongo. Umevaa fulana ya kituo, umepiga magoti, beseni liko mbele yako, unamwosha miguu bibi kizee mmoja huku unamtabasamia mpiga picha. Mjomba alimpelekea Bibi simu kitandani. "Mama, mtazame mwanao huyo!"

Bibi akaitazama kwa muda mrefu. Akasema, "Huyo mzee ana bahati. Binti yake anamwosha miguu."

Mama alirudi kwenye cherehani, akapiga mshono mahali palipokwisha kushonwa.

Watu husema mganga hajigangi. Nilipokuwa shule nilidhani ni methali ya kuchekesha.

Sasa mambo yako hivi. Chuo kiko mbali, lazima nikaishi huko huko, na mwisho wa kuripoti ni Ijumaa. Nisipofika, nafasi yangu anapewa mwingine. Hilo tumeambiwa waziwazi. Mama anashinda kwenye kibanda chake cha ushonaji, na asiposhona hatuli. Anayefanyia kazi zake hapa hapa uani ni Mjomba. Nilipouliza nani atakaa na Bibi, alicheka huku anachokonoa meno. "Si unataka ustawi wa jamii? Jamii ndiyo hii. Mgonjwa unaye, chumba unacho, digrii ya nini tena?"

Tangu siku hiyo nikawa Bi Ustawi. Bi Ustawi, mama ameamka. Bi Ustawi, shuka limelowa. Bi Ustawi, mbona anaita tu na wewe upo? Na wateja wake wakija na magari yao, hujipiga kifua: "Sisi mama yetu hatujampeleka kwenye kituo. Sisi tunamtunza wenyewe." Hiyo "sisi", Mama mdogo, ni mimi.

Jana tukiwa tunakula nilisema. Sijui sauti ilitoka wapi.

"Ijumaa naondoka."

Mjomba akaweka kijiko chini. "Na mama yangu je?"

"Ni mama yako, Mjomba."

Nilitaka kuomba radhi papo hapo, si kwamba nimekosea, ni mazoea tu. Mjomba akamgeukia Mama. "Unamsikia mwanao? Mimi fundi magari nimsuke mtu nywele?"

"Utajifunza," Mama akasema, wala hakuinua uso. "Hukuzaliwa unajua gia."

Leo asubuhi nikampa Mjomba kitana amchane Bibi. Alikishika kama spana, akachana kama anayekwangua kutu. Nilisimama mlangoni nimeibana mikono yangu nyuma nisije nikamnyang'anya. Bibi alivumilia, alivumilia, mwisho akamgeukia kwa upole, kama mtu anayemwonea haya mgeni. "Fundi, mama yako hajambo?"

"Hajambo," Mjomba akasema.

Akaweka kitana dirishani, akatoka, akasimama kando ya gari lisilo na tairi hadi jua likawa kali. Hajasema ndiyo, hajasema hapana. Lakini hajaniita Bi Ustawi tena.

Sikuombi uje. Kuomba nimeomba, kila uliponipigia, kwa ile sauti yangu isiyosikika, na wewe ukanijibu "tutaona, mwanangu". Barua hii huenda ikakufikia nimekwisha kuondoka. Nakuarifu tu.

Nilipokuwa mdogo ulikuja likizo na mkoba wako wa kazini. Ukaketi sakafuni na yule mtoto wa mpangaji aliyekuwa hasemi na mtu, ukakaa naye kimya mpaka akakuonyesha kigari chake cha waya. Usiku ule nilimwambia Mama kwamba nikikua nitakuwa kama wewe. Kazi yako bado naitaka. Kuwa kama wewe, hapo sasa nafikiri kwanza.

Wala usidhani naondoka kwa moyo mweupe. Nguo zangu nimezikunja, nimezikunjua, nimezikunja tena. Na mimi najiuliza ni ustawi gani huo unaoanza kwa kumwacha mzee wa nyumbani kwako. Nimemwuliza Mama. Akasema, "Wewe ni mjukuu. Watoto wake wapo watatu." Kisha akafunga mlango wa chumba chake, mlango ambao siku hizi huuacha wazi amsikie Bibi.

Lipo jambo moja hulijui. Bibi haniiti Chiriku, wala jina langu la shule. Huniita Kitinda, kama alivyokuita wewe kitindamimba wake. "Kitinda, umerudi?" Mwanzoni nilimsahihisha, akalia. Basi nikaanza kuitika. Mwaka huu wote umekuwa hapa, Mama mdogo. Umemlisha, umemwogesha, umemwimbia hadi akasinzia, na kila siku amekushukuru na kukubariki kwa jina lako. Nilikuwa nazipokea baraka hizo kwa niaba yako.

Ijumaa unaondoka tena.

Mama anakusalimu. Mjomba hajanituma salamu, lakini amepita mlangoni mara kadhaa akiuliza kama barua imekwisha, kwa hiyo nakuandikia zake pia. Msalimie Baba mdogo, wabusu pacha, na umsalimie yule bibi wa miguu safi. Yeye hana kosa. Mungu akuponye mgongo, akulinde uendako, na siku moja akupe njia ya huku.

Ni mimi mwanao, ninayekupenda na sijui nifanyeje na upendo huo,

Chiriku